Kubuni taa ya wavuvi isiyokimbilia jalalani

Kabla hujachora saketi ya kifaa unachotaka kuuza, nenda ukakae kibandani kwa fundi atakayekifungua siku kitakapoharibika. Kaa naye asubuhi hadi jioni, uone bisibisi alizo nazo, uone anavyolehemu, umuulize ni vifaa gani humfanya amrudishe mteja mikono mitupu. Mimi nilianza kuunda taa za sola za wavuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hapa Kisumu bila kufanya hivyo, na mengi ninayoyaeleza hapa yalinifikia kupitia taa zilizorudi zimekufa. Nayaandika kwa vijana wanaotoka vyuoni na michoro mizuri kwenye kompyuta, na kwa wenye karakana ndogo Kondele, Nakuru au Kakamega wanaotaka kuunda kitu cha umeme bila kuiongezea nchi hii taka.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huweka taa juu ya maboya ya mbao na kuziacha zielee mbali kidogo na mashua. Wadudu hufuata mwanga, omena nao hufuata, kisha wavu huzungushwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwa sababu taa haiwezi kushindana nao. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai hula mafuta taa usiku kucha, na kila lita inayochomwa hutoa kiasi cha kilo 2.5 za kaboni dayoksaidi, mbali na mafuta yanayomwagika ziwani na moshi anaouvuta mwenye kuipampu. Kwa hiyo nilipoingia kwenye taa za sola niliamini kwa dhati kwamba kwa kuondoa mafuta taa, kazi ya mazingira imekwisha. Sikujiuliza taa yenyewe imetengenezwa na nini, wala itakwenda wapi ikifa.

Fedha zilitoka kwenye akiba yangu na mkopo wa chama. Taa ya kwanza ilikuwa na betri ya madini ya risasi ya volti 12, ya ampea-saa 7, ile iliyozibwa ambayo huwekwa kwenye kengele za kuzuia wizi. Ilikuwa na bodi ya LED ya wati 6, paneli ya wati 20, na sanduku la plastiki lililonunuliwa likiwa tayari. Kwa kuwa taa ingekaa majini, saketi yote niliimwagia gundi ya epoksi na mfuniko nikaufunga kwa silikoni. Niliipenda sana ile epoksi. Bodi iligeuka jiwe, na mimi nikaona ndiyo uimara. Wavuvi wa Dunga na wengine wa upande wa Mbita wakazichukua, na miezi ya kwanza simu zilizoingia zilikuwa za kuuliza nyingine zitapatikana lini.

Kisha zikaanza kurudi.

Nyingi zilikuwa na maji ndani, ilhali silikoni haikuwa imeachia popote. Nikanunua silikoni ya bei zaidi, na maji yakaingia vilevile. Sababu niliiona siku nilipoiacha taa ichaji juani kutwa nzima, sanduku likawa la moto kushika, kisha jioni nikaitumbukiza kwenye karai la maji baridi na kuinama kuitazama. Pale waya wa paneli unapoingilia sandukuni palikuwa na kitone kidogo cha maji kimekaa. Taratibu kile kitone kikanyonywa ndani mbele ya macho yangu. Hewa ya ndani ilikuwa imepanuka kwa joto la mchana. Ilipopoa ilisinyaa, ikavuta chochote kilichokuwa karibu, na njia iliyokuwa wazi ni ile iliyo katikati ya nyuzi za shaba ndani ya ganda la waya. Maji yalipita humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kila jioni taa ilipowekwa ziwani ilikunywa tone, na kila mchana lile tone lilipata joto na kula shaba.

Dawa ya jambo hili ni kuacha kupigana na hewa. Sanduku lazima lipumue. Siku hizi kila taa yangu ina tundu dogo lililofunikwa kwa utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, na bei yake ni ndogo kuliko mrija wa silikoni. Waya wa nje nao hauingii moja kwa moja hadi kwenye bodi. Unaishia kwenye kituo cha chuma kigumu, na waya mwingine unaanzia upande wa pili, hivyo maji hayana uzi wa kufuata. Ukifanya hivyo, epoksi haina kazi tena. Bodi hupakwa vanishi ya akriliki tu, ambayo fundi anaweza kuipangusa kwa spiriti au kulehemu juu yake bila taabu.

Hilo la epoksi sikulitambua peke yangu. Nilikuwa nimekwenda Mbita kuchukua taa zilizokufa, na mvuvi mmoja akaniambia yake iko kwa fundi. Nikaikuta mezani, sanduku limekatwa kwa msumeno wa chuma, na fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, ameifukua gundi kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa moto hadi akafika kwenye transista moja iliyokuwa imeungua. Transista yenyewe ni ya shilingi chache tu. Alikuwa nayo kwenye kopo lake, imetolewa kwenye redio.

"Wewe ndiwe uliyeunda hii?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo. "Injinia, ulitaka nani aitengeneze?"

Nikamjibu kwamba niliiunda isiharibike.

"Kila kitu huharibika, mama. Mimi nimekula kwa kazi hii tangu ujana wangu kwa sababu kila kitu huharibika. Wewe umenifungia mlango, na huyu mvuvi hatakuja Kisumu kukutafuta. Ataitupa."

Maneno hayo yaliniuma, maana nilikuwa nikijieleza kila mahali kwamba mimi ni mtu wa mazingira. Nikaomba nikae. Nikatazama meza yake: bisibisi ya nyota na ya bapa, multimita iliyofungwa kwa utepe, chuma cha kulehemia kisicho na kipimo cha joto, koleo, na makopo ya vipuri vilivyotolewa kwenye vifaa vilivyokufa. Hana bisibisi za pembe tano, wala kipulizio cha hewa moto, wala mchoro wa kifaa chochote kinachokuja mikononi mwake. Hiyo ndiyo maabara ambayo taa yangu ingepelekwa, iwe napenda au sipendi. Nilirudi siku nyingine tena kwa ruhusa yake, nikimlipa kwa muda wake, na kila kitu kilichobadilika kwenye taa baadaye kilipita kwanza pale mezani.

Yaliyobaki kuonekana yalihusu betri. Ya risasi hufa haraka ikitumiwa zaidi ya nusu ya nguvu yake kila siku, na mimi nilikuwa nikiifanyisha hivyo hasa. Piga hesabu: wati 6 kwa saa 10 za usiku ni wati-saa 60, na betri nzima ina 84. Kwa mwendo huo humalizika ndani ya mwaka hivi wa kuvua. Nikauliza zile zilizokufa zimeenda wapi. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu huzichukua, na hilo lilinipa faraja hadi nilipoonyeshwa zinavyopasuliwa. Asidi inamwagwa chini, na risasi inayeyushwa kwenye sufuria juu ya makaa ili kuwa chubwi za nyavu. Watoto walikuwa wakipita pale pale. Sisi Wakenya hatuhitaji kusimuliwa risasi inafanya nini. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuipata katika kazi hii. Kila betri niliyouza ilikuwa na zaidi ya kilo 2 za uzito, sehemu kubwa ikiwa ni risasi, na mimi ndiye niliyeipeleka ufuoni.

Hapo ndipo nilipoanza kupima badala ya kukisia, na hii ndiyo kazi ningemshauri mtu aifanye wiki ya kwanza kabisa. Chukua mizani ya jikoni, vunja kifaa chako chote, pima kila kipande kwa gramu, uandike kwenye jedwali kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi na kinadumu muda gani. Wataalamu wana utaratibu kamili wa kupima athari za kifaa tangu mgodini hadi jalalani, una viwango vyake vya kimataifa, na kampuni kubwa hulipa pesa nyingi ufanywe. Lakini jedwali la gramu peke yake litakuonyesha mahali pa kuanzia. Mimi nilikuwa nimepoteza muda mrefu nikihangaika na boksi la kufungia taa, kama liwe la karatasi iliyorejelezwa au la. Lilikuwa na gramu chache tu. Mzigo ulikuwa kwenye betri, kwenye paneli, na kwenye bamba nene la alumini nililoweka nyuma ya LED kupunguza joto. Alumini mpya hula umeme mwingi kiwandani, kiasi cha kilowati-saa 15 kwa kila kilo. Karakana yangu, ambayo nilidhani ndiyo mchafuzi, ilikuwa haina uzito kwenye hesabu, kwa sababu stima yetu nyingi inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Madhara yalikuwa yamekwishafanyika kwenye nchi nyingine kabla kontena halijafika Mombasa.

Kwa kifaa cha sola jedwali hilo husema jambo moja waziwazi. Kikishatoka kiwandani hakichomi kitu, kwa hiyo madhara yake yote hugawanywa kwa miaka kitakayofanya kazi. Taa iliyodumu miaka minane ina madhara machache sana kwa mwaka kuliko mbili zilizodumu mwaka mmoja mmoja, hata kama hizo mbili zimeundwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Nilipoliona hilo nikaacha kutafuta malighafi zenye majina mazuri, nikaanza kuuliza: nini kinaua taa, na kikifa, nani atakibadilisha?

Kabla ya kubadilisha betri nilijaribu kwanza kupunguza mwanga unaopotea. Karabai humulika pande zote, na taa yangu ya kwanza iliiga hivyo bila sababu. Lakini omena wako chini. Mwanga unaokwenda angani na kwenye macho ya wavuvi hauvui chochote. Nilikata bati jeupe, nikalikunja liwe kama kofia juu ya bodi, nikashusha nguvu hadi wati 3, nikaomba mashua moja iende na taa ya zamani kwenye boya moja na mpya kwenye jingine. Asubuhi nikamngoja nahodha ufuoni, moyo ukinidunda. Akasema ile ya kofia ilivuta sawa na nyingine, ila tu haimpendezi kwa mbali, maana jirani akiitazama anaiona hafifu. Kwa hiyo nikabakisha mwanga mdogo wa pembeni ili mashua zionane, na huo ni muhimu pia kwa usalama.

Wati 3 zilizopungua zilileta faida kila mahali. Paneli ilishuka kutoka wati 20 hadi 10. LED zinazoendeshwa kwa mkondo mdogo hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati na hazipati joto sana, hivyo lile bamba la alumini likawa jembamba, na LED zenyewe huishi zaidi. Betri nayo ikaweza kuwa ndogo. Mtu anayebuni kifaa aanze hapa, kwenye kazi yenyewe ambayo kifaa kinafanya, kwa kuwa kila wati unayoiondoa mwishoni huondoa vitu vingi nyuma yake.

Betri niliyoichagua ni ya lithiamu na fosfeti ya chuma. Haina kobalti wala nikeli, haishiki moto kirahisi kama zile za simu, na hustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 au zaidi hata ukiitumia sehemu kubwa ya nguvu yake kila usiku. Seli mbili za ampea-saa 6 zina uzito wa chini ya gramu 300 kwa pamoja. Volti zake ni 3.2, ambazo zinakaribiana sana na zile ambazo LED nyeupe huhitaji, kwa hiyo saketi ya kuendesha taa ikawa na vipuri vichache mno. Bei ndiyo iliyonitisha. Nilipoweka oda ya kwanza nililazimika kulipa zote kabla hazijasafirishwa, na kwa muda nilishindwa kurejesha mkopo wa chama. Wanachama wenzangu walinivumilia, lakini vikao vile vilikuwa vigumu. Ukitaka kubadili aina ya betri, hesabu pia hiyo miezi ambayo fedha zako zitakuwa baharini.

Kuna hatari moja nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inaweza kumuumiza mtu. Fundi akikosa seli kama hiyo ataweka anayoipata, na anayoipata ni ile ya kompyuta kuukuu, ya volti 3.7, ambayo hujaa ikifika 4.2. Ya fosfeti hujaa ikifika 3.65. Ukiweka ya kompyuta kwenye taa yangu haitajaa vizuri, lakini haitachajiwa kupita kiasi. Kinyume chake ni hatari: ukiweka ya fosfeti kwenye saketi inayochaji hadi 4.2, inachajiwa kupita kiasi na kuharibika, na joto linaweza kupanda. Kwa hiyo niliandika kwenye bodi yenyewe, kwa wino mweupe na maandishi makubwa, aina ya betri na volti zake za kujaa. Pembeni mwa kila sehemu muhimu kuna kidoa cha shaba kilicho wazi na namba ya volti zinazotakiwa kusomeka pale taa ikiwa nzima. Wino huo hauongezi gharama hata senti. Mzee wa Mbita alipoiona bodi hiyo mara ya kwanza alichukua multimita, akagusa vidoa kimoja kimoja akilinganisha, asiseme neno mpaka alipovimaliza vyote. Halafu akaniuliza kwa nini wengine hawafanyi hivi. Sina jibu la swali hilo mpaka leo.

Tundu la kuchajia simu lilikuwa la kwanza kuharibika kwenye kila taa. Watu huchomeka na kuchomoa gizani, mikono ikiwa na maji na magamba. Lilikuwa limelehemiwa kwenye bodi kuu, hivyo likivunjika linang'oa na njia za shaba. Sasa liko kwenye kibodi chake, yaani bodi ndogo ya peke yake, kimeunganishwa kwa plagi ya waya nne, na kinauzwa peke yake. Mvuvi akitaka hata hakinunui. Taa inawaka bila hicho. Fanya hivi kwa kila kinachoguswa na mkono wa mtu: swichi, tundu, waya wa nje. Kitenge na bodi kuu.

Skurubu nazo zina somo lake. Zile zinazojichimbia zenyewe kwenye plastiki hushika vizuri mara ya kwanza, zikifunguliwa mara kadhaa hulegea, na sanduku linaanza kuvuja. Nimeweka nati ndogo za shaba zilizopachikwa kwenye plastiki, na skurubu za chuma kisichoshika kutu, zote za ukubwa mmoja, zote za kichwa cha nyota. Mfuniko unabana gasketi ya mpira ambayo fundi anaweza kuikata mwenyewe kwenye tyubu ya baiskeli, kwa sababu mfereji wake niliupa upana unaofaa tyubu. Nilizijaribu za tyubu majini, na zinazuia maji.

Kwenye lehemu sikupata suluhisho safi, na sitaki kudanganya mtu. Umoja wa Ulaya uliizuia risasi kwenye vifaa vya kielektroniki tangu Julai 2006, na baada ya niliyoyaona kwenye masufuria yale nisingeweza kuirudisha kwa mlango wa nyuma. Lakini lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 183, na isiyo na risasi hutaka kiasi cha 217. Kwa fundi mwenye chuma kidogo kisicho na kipimo, tofauti hiyo ni mateso: anakandamiza muda mrefu na njia ya shaba inabanduka. Nilichofanya ni kubakiza lehemu isiyo na risasi, kisha vipuri vyote vinavyoelekea kufa nikaviweka vya miguu mirefu inayopita kwenye matundu, vyenye shaba pana kuvizunguka, na mbali na shaba kubwa inayonyonya joto. Vipuri vidogo vya kubandikwa juu vimebaki kwa vile visivyokufa kirahisi. Bodi imekuwa kubwa kidogo. Nimeona inafaa.

Sanduku lilinigharimu kuliko yote. Kutengenezewa kalibu yangu mwenyewe jijini Nairobi kulipita shilingi laki nne, na kwa karakana ya ukubwa wangu hizo ni fedha za kukosesha usingizi. Usikimbilie huko kabla umbo halijatulia. Nilichopata ni sanduku la plastiki ya aina moja, isiyopakwa rangi, iliyochanganywa dawa ya kuzuia jua, na jina la plastiki limechongwa ndani ya kila kipande. Wanaosaga plastiki hutenga kwa kutazama. Kipande kisicho na alama, au kilichobandikwa chuma na stika, hutupwa pembeni.

Taa ya kwanza niliiuza shilingi 4,500. Ya sasa ni 6,800. Wapo wateja walioondoka, wakanunua za bei nafuu sokoni Kibuye, na siwalaumu. Mvuvi hununua kwa samaki wa wiki hii. Waliobaki ni wale waliowahi kubadilishiwa kibodi cha tundu kwa bei ya soda na mikate michache, taa ikarudi ziwani usiku uleule. Hao ndio wanaoniletea wengine. Ikiwa unabuni kitu kinachodumu, panga mapema utaishije mwaka ambao watu hawanunui kingine. Mimi huuza vipuri, na nusu ya faida ya kila kipuri ni ya fundi wa ufuoni.

Kuhusu sheria, usingoje uitwe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inambebesha mtengenezaji jukumu la bidhaa yake hadi inapokuwa taka, na kanuni za 2024 zikafafanua namna ya kujisajili na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Anayeunganisha vifaa vilivyoagizwa nje anahesabiwa mtengenezaji, hata karakana yake ikiwa ya chumba kimoja. Ulaya, kuanzia Februari 2027, betri ya kifaa kinachobebeka itatakiwa iweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo anayetamani kuuza huko aache kuzigandisha betri kwa gundi tangu sasa. Na tusidhani wenzetu wamekwishamaliza tatizo: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Upande wangu, anayeleta betri iliyokufa hupunguziwa bei ya mpya. Nilipoanza na punguzo dogo hazikuja. Mnunuzi wa vyuma alikuwa akitoa zaidi. Nikapandisha hadi zikaja. Huzihifadhi kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, ncha zote zimefunikwa kwa utepe, kwa kuwa seli za lithiamu zikigusana ncha zinaweza kuwaka. Zikitosha hupelekwa Nairobi kwenye WEEE Centre, ambako wanapokea taka za kielektroniki na kuzivunja kwa utaratibu. Usizipakie kwenye matatu ya abiria. Tafuta gari la mizigo, mweleze dereva ni nini, na gharama hiyo uiweke kwenye bei ya taa tangu mwanzo, maana mimi niliitoa mfukoni kwa muda mrefu.

Kabla ya kuagiza seli, omba sampuli na uzipime mwenyewe: jaza, tumia hadi mwisho kwa mkondo unaojulikana, hesabu saa. Nimewahi kuletewa zilizoandikwa ampea-saa 6 zikatoa nne tu. Seli ya namna hiyo huishushia taa miaka kabla haijatoka karakanani, na kuirudisha baada ya kulipa ni vigumu sana. Weka kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatafuata kipimo chako, na kama muuzaji atakataa, tafuta mwingine.